Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Mtego Shambani na Msituni

Barua za safari hii zinahusu kamera za mtego, zile kamera ndogo zinazofungwa kwenye mti au nguzo na kujipiga zenyewe mnyama akipita mbele yake. Zimetoka Nakuru, Kisumu, Trans Nzoia, Kakamega na Homa Bay. Tumezifupisha, na pale wasomaji kadhaa walipouliza jambo moja tumewajibu kwa pamoja.

PICHA ELFU MBILI ZA NYASI

Ndugu Mhariri, nina shamba la mahindi huku Njoro, upande mmoja umepakana na msitu. Kuna mnyama anayefukua mbegu usiku. Nilifunga kamera ukingoni, na baada ya wiki moja kadi ilikuwa na picha zaidi ya elfu mbili, karibu zote za nyasi. Tatu tu zina mnyama, tena mkia peke yake. Je, niliuziwa kamera mbovu?
Mkulima, Njoro

Kamera yako haina kasoro. Inapiga kile inachokihisi, na umeiweka mahali inapohisi nyasi.

Chini ya lenzi kuna kipande cha plastiki cheupe, na nyuma yake ndiko iliko sensa. Sensa hiyo haimwoni mnyama. Hupima joto, na hufyatua kamera pale kitu chenye joto tofauti na mandhari ya nyuma yake kinaposogea. Nyasi ndefu zikipigwa na jua tangu asubuhi huwa na joto kuliko udongo ulio kivulini. Upepo ukizitikisa, kwa sensa hiyo ni sawasawa na mnyama kupita. Angalia saa zilizoandikwa kwenye picha zako tupu. Zikiwa nyingi ni za kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, basi chanzo ni hicho na si kingine.

Fyeka mbele ya kamera umbali wa mita tano na upana wa mita tatu hivi, hadi udongo uonekane. Ondoa pia matawi yanayoning'inia karibu na lenzi. Usiku mwanga wa kamera hugonga jani la karibu na kurudi, picha ikawa nyeupe pe, na mnyama aliye nyuma asionekane kabisa. Utando wa buibui huleta shida hiyo hiyo, kwa hiyo upanguse kila unapokwenda kukagua. Mti uwe na shina la unene usiopungua sentimita 15. Mkaratusi mchanga huyumba, na kamera ikiyumba mandhari yote husogea mbele ya sensa. Kama hakuna mti wa maana, chimbia nguzo ya mwerezi ya ua.

Mwelekeo nao una uzito wake. Maelekezo yanayokuja na kamera kutoka ng'ambo husema zielekezwe kaskazini. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana liko utosini, kwa hiyo kaskazini au kusini yote sawa. Kubaya ni mashariki na magharibi, kwa sababu jua la saa moja asubuhi na la saa kumi na mbili jioni huingia moja kwa moja kwenye lenzi, na hizo ndizo saa ambazo wanyama wengi wako njiani.

Sasa mkia. Mnyama anapokatiza mbele ya kamera kwa mkato wa moja kwa moja, hubaki ndani ya picha kwa muda mfupi mno. Kamera ya bei nafuu huchukua nusu sekunde au zaidi tangu kuhisi hadi kupiga, na kwa muda huo mwenye mwendo wa haraka ameshapita. Usiielekeze kamera ng'ambo ya kijia. Igeuze itazame kijia kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ukiwa mita tatu au nne kutoka pale unapotarajia apite. Kwa namna hiyo anabaki ndani ya picha kwa muda mrefu zaidi, na sensa bado inamwona akikatiza. Kuielekeza kamera sambamba kabisa na njia nako si kuzuri, maana mnyama anayekuja uso kwa uso sensa humhisi akiwa ameshafika karibu.

Urefu kutoka ardhini hutegemea mnyama. Nungunungu na nsya, sentimita 30 hadi 40. Nguruwe mwitu, 50. Pongo na swalapala, 60 hadi 90. Watu wengi hufunga kamera usawa wa kifua chao kwa sababu ndiko mikono inakofika bila kuinama, kisha hulalamika kwamba hakuna wanyama.

Ukimaliza kufunga, weka kamera kwenye hali ya majaribio, ambapo taa ndogo nyekundu huwaka kila sensa inapohisi kitu. Pita mbele yake kwa magoti na viganja, si kwa miguu miwili. Watoto hulifanya zoezi hili vizuri kuliko watu wazima, na kwa furaha. Taa isipowaka pale mnyama anapotarajiwa kupita, shusha uso wa kamera kwa kusokomeza kijiti kati ya shina na sehemu ya juu ya mgongo wake. Seti picha tatu kwa mfululizo, mapumziko ya sekunde 30, na wepesi wa sensa uwe wa kati. Usiku wa Njoro una baridi, na mwili wa mnyama hujitokeza vizuri mno dhidi ya baridi hiyo, kwa hiyo huna haja ya kuuweka juu kabisa.

Kuhusu mfukuaji, soma saa kwa makini. Kamera huhesabu kuanzia usiku wa manane: 01:40 ni saa saba na dakika arobaini usiku. Mbegu zikifukuliwa usiku, zikifuatwa shimo kwa shimo kwenye mstari, mshukiwa wa kwanza ni nungunungu. Zikifukuliwa mchana, angalia kanga na kwale kabla hujamlaumu mwingine.

RATIBA KUTOKA WISCONSIN

Mhariri, kijana wangu yuko Wisconsin, Marekani. Amenitumia kamera mbili za aina ambayo wenzake hutumia kuwapeleleza kulungu kabla ya msimu wa kuwinda, pamoja na ratiba: Agosti zifungwe penye malisho, Oktoba penye mikwaruzo, Novemba kwenye njia, Januari penye chakula tena. Ratiba hii inafaa huku? Na sisi msimu wetu wa kuwinda ni lini?
Mzazi, Nakuru mjini

Tuanze na la mwisho, mzee. Kenya haina msimu wa kuwinda. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeendelea kuufanya kosa, hata ndani ya shamba lako mwenyewe. Kamera haijakatazwa ukiifunga kwenye ardhi yako. Ndani ya mbuga ya taifa au hifadhi unahitaji kibali cha wenye kuisimamia, na anayefanya utafiti huombwa vibali zaidi ya hicho. Picha ya pongo ni halali. Ukiitumia kumwonyesha mtu mahali pa kutega kitanzi, umeshaingia kwenye kosa.

Ratiba ya kijana ni nzuri kwa kule alipo. Kulungu wa Marekani, yule mwenye mkia mweupe, dume lake huota pembe upya kila mwaka. Zinaanza majira ya kuchipua, zinakua kiangazi kizima zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya, ngozi hiyo inabanduka mapema Septemba, na pembe zenyewe huanguka majira ya baridi. Agosti dume huwa na wenzake malishoni, pembe zimekaribia kukomaa, kwa hiyo kamera ya malishoni humpa mwindaji hesabu ya madume na ukubwa wao. Kufikia Oktoba madume wameachana. Kila mmoja huparuza ardhi kwa kwato chini ya tawi la chini, hukojoa hapo, na kuacha harufu yake kwenye tawi. Hiyo ndiyo mikwaruzo, na huitembelea hasa usiku. Katikati ya Novemba ni kilele cha kupandana. Dume huacha mazoea yake na kuzurura hata mchana, kwa hiyo kamera huhamishiwa njiani. Wisconsin mishale huruhusiwa kuanzia katikati ya Septemba, na msimu wa bunduki wa siku tisa huangukia mwishoni mwa Novemba. Kamera za baada ya hapo ni za kujua nani amenusurika. Ajue pia kwamba sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo: Arizona imekataza tangu 2022 kutumia kamera hizi kusaidia kuwinda.

Yote hayo huendeshwa na urefu wa mchana, unaopungua sana kule vuli ikiingia. Hapa Nakuru mchana ni saa kumi na mbili na dakika chache, Juni hadi Desemba. Pembe za swalapala, kuro na pongo hazianguki; akiota, ameota. Wengi wao huzaa karibu mwaka mzima, zaidi mvua zinapoleta majani mabichi. Kwa hiyo ukiifuata ratiba ya Wisconsin huku utakuwa unahamisha kamera bila sababu.

Kalenda yetu ni ya mvua na mazao. Januari na Februari maji yakiwa haba, funga kamera kwenye njia inayoelekea majini. Kamera moja hapo hukupa wanyama wengi kuliko tatu zilizotawanywa. Machi na Aprili, wakati wa kupanda, ziweke kwenye ukingo wa shamba. Mahindi yakianza kubeba zirudishe ukingoni, ila sasa ziinue kidogo na kuzielekeza kwenye miti inayogusa shamba, maana tumbili na nyani huja kwa juu, tena mchana. Magharibi, ambako hupandwa mara mbili kwa mwaka, mzunguko huo unajirudia.

Usifuate kabisa zoea la kumwaga mahindi au kuweka jiwe la chumvi mbele ya kamera. Hata Marekani majimbo kadhaa yamekataza, kwa kuwa wanyama wakikusanyika pamoja hupeana maradhi. Huku utaita kundi la nyani, na litakumbuka njia ya kwako hata chumvi ikiisha.

Jambo moja dogo: kamera hizo huandika mwezi kabla ya siku. 04/07 ni tarehe saba Aprili. Badilisha kwenye menyu kabla hujaanza, au hesabu zako zote zitavurugika.

KIBOKO WA DUNGA

Wahariri wapendwa, nalima sukuma wiki na mahindi karibu na ziwa, Dunga. Viboko hutoka usiku na kumaliza kila kitu. Nataka picha za kuthibitisha ili nidai fidia. Nifunge kamera wapi bila kuhatarisha maisha?
Mkulima, Kisumu

Mama, usalama kwanza. Kiboko hutoka majini giza likiingia na kurudi kabla ya mapambazuko, na hupenda kupita njia ile ile. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Funga na ukague kamera mchana jua likiwa juu, mkiwa wawili, mmoja akitazama ziwa muda wote. Usiende kwenye matete asubuhi na mapema kubadilisha kadi eti una hamu ya kuona.

Njia ya kiboko utaitambua kwa sura yake: mifereji miwili sambamba ya miguu, na katikati tuta dogo la nyasi. Usiifunge kamera juu ya njia hiyo. Iweke kando, mita nane hadi kumi, kwenye mti mnene, urefu wa mita moja au zaidi kidogo. Kisha isogeze juu kuelekea shambani, mbali na maji. Kiboko anapotoka ziwani ngozi yake imelowa na joto lake la juu ya ngozi liko karibu sawa na la maji na hewa ya usiku wa Kisumu. Sensa inaweza kumwacha apite, tani nzima na zaidi, bila kufyatuka. Akishatembea na kukauka kidogo hunaswa vizuri zaidi. Fisi maji naye husumbua kamera kwa sababu hiyo hiyo. Ongeza wepesi wa sensa hadi juu, na ukubali kupata picha tupu kadhaa.

Kwa umbali huo chagua kamera yenye taa za nanomita 850. Zinaonekana kama doa jekundu hafifu lakini mwanga wake hufika mbali kuliko zile za 940 zisizoonekana kabisa. Za 940 zinafaa pale unapohofia wezi wa miguu miwili.

Sasa fidia. Kiboko yumo kwenye orodha ya wanyama ambao sheria ya 2013 inawatambua kwa uharibifu wa mazao. Nyani na tumbili hawamo, na wakulima wengi hugundua hilo wakiwa wameshajaza fomu. Picha peke yake haitoshi. Ripoti kwa ofisi ya KWS, Shirika la Wanyamapori Kenya, iliyo karibu mara moja, na using'oe wala kulima upya kabla maafisa hawajaja kukadiria hasara. Madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Faili yako iwe na picha za kamera zenye tarehe na saa sahihi, zikionyesha kitu kinachotambulika cha shamba lako, kama kona ya ua au tangi la maji. Ongeza picha za simu za nyayo, zile zenye vidole vinne, zikiwa na rula au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Weka na picha ya shamba kabla ya uharibifu. Hiyo ya mwisho karibu kila mtu huikosa, kwa hiyo anza kupiga shamba lako leo, likiwa zima. Malipo hukawia, tunza nakala ya kila karatasi.

UKUNGU NA SISIMIZI

Kamera yetu ukingoni mwa msitu wa Kakamega hupiga picha zenye ukungu kila asubuhi, na tulipoifungua tulikuta sisimizi wametaga ndani. Tufanyeje?
Kikundi cha vijana, Shinyalu

Unyevu umeingia kupitia mpira mweusi unaozunguka mlango. Uchunguze wote. Mchanga mdogo au unywele mmoja uliobanwa hapo unatosha kupitisha maji ya mvua za Kakamega. Ufute kwa kitambaa kikavu na upake vaseline kidogo mno, mpira ung'ae tu. Kausha kamera siku nzima kivulini ikiwa wazi na bila betri. Juani hapana, plastiki hupinda na mlango haufungi tena sawasawa. Ndani weka pakiti mbili ndogo za kukausha unyevu, zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, na zibadilishe kila mwezi wakati wa mvua.

Ukungu wa nje ya lenzi ni tofauti. Hutokea asubuhi hewa ikiwa nzito na hujiondoa jua likitoka. Usiipake lenzi chochote. Kipande cha bati au gamba la mti kilichoinama juu ya kamera husaidia kuzuia matone.

Sisimizi huingia kwenye tundu la waya wa umeme lililo chini na tundu la skrubu. Ziba yote mawili kwa vizibo vyake, au kwa gundi ya plastiki. Dawa ya kupuliza usitumie: hutia doa lenzi, na harufu yake hukaa siku nyingi pale pale unapomsubiri mnyama.

BETRI ZA KUCHAJI

Betri za kuchaji zinaokoa pesa, lakini kamera yangu huzima baada ya siku nne na usiku picha ni nyeusi. Huku Molo ni baridi. Ndiyo sababu?
Msomaji, Molo

Baridi ina mchango, ila sababu kubwa ni volti. Betri ya kawaida ya alkali huanza na volti 1.5, ya kuchaji hutoa 1.2. Nane zikipangwa kwa mfululizo, ya kwanza ni volti 12, ya pili 9.6, na kamera nyingi huchukulia 9.6 kuwa betri zimekwisha. Zinapowasha taa za usiku volti hushuka zaidi, ndiyo maana mchana kuna picha na usiku giza. Angalia kwenye menyu kama kuna mahali pa kuchagua aina ya betri. Kamera kadhaa zinapo, na ukichagua ipasavyo tatizo huisha.

Kama hapana, nunua za lithiamu za AA zisizochajiwa. Ni ghali, lakini volti yake haishuki polepole, baridi ya Molo haizisumbui, na hudumu mara kadhaa ya zile za alkali. Kwa kamera unayoikagua mara moja kwa mwezi, hesabu ya nauli peke yake inazilipa. Usichanganye mpya na kuukuu, wala chapa mbili. Iliyochoka huvujisha, na unga mweupe hula vibati vya chuma ndani. Ukikuta unga huo, paka tone la siki au ndimu kwa pamba ya kusafishia masikio, subiri povu liishe, futa na ukaushe.

PICHA 140, PONGO WANGAPI?

Sisi ni maskauti wa kujitolea karibu na msitu wa Eburu. Mwezi uliopita kamera zetu sita zilileta picha 140 za pongo. Tuandike kwamba kuna pongo 140? Na tukimpata bongo, yule swala mkubwa wa msituni mwenye mistari, tutajuaje kama ni yule yule?
Maskauti, Gilgil

Hapana, msiandike hivyo. Pongo mmoja akisimama kula mbele ya kamera kwa dakika kumi anaweza kujaza picha 40 peke yake.

Anzeni kwa kugeuza picha kuwa matukio. Picha zote za aina moja ya mnyama, kutoka kamera moja, ndani ya dakika 30, ni tukio moja. Ikionekana wazi kwamba ni wanyama wawili tofauti, dume na jike kwa mfano, wahesabuni wawili. Kisha hesabuni usiku-kamera: kamera sita kwa siku 30 ni 180, lakini toeni siku ambazo betri ziliisha au nyani waliigeuza kamera ikatazama mbingu. Tuseme zote zilifanya kazi na matukio ya pongo ni 27. Gawanya 27 kwa 180, zidisha kwa 100: ni matukio 15 kwa kila usiku-kamera 100. Namba hiyo haiwaambii pongo ni wangapi. Inawaambia kama mwezi huu wanaonekana zaidi au kidogo kuliko mwezi ule, mradi kamera ziwe mahali pale pale, urefu ule ule na seti zile zile. Mkihamisha kamera moja kuipeleka penye maji, ulinganisho umekufa.

Madaftari mengi huandika picha za wanyama tu. Andikeni pia tarehe ya kuwasha, ya kuzima, na kamera ipi ilikuwa imelala. Bila hayo hakuna wa kuzifanyia hesabu.

Bongo ni habari nyingine. Bongo wa milimani amebaki Kenya peke yake porini, katika Aberdare, Mlima Kenya, Mau na huko kwenu Eburu, na wamebaki wachache sana, hivyo kila mmoja ana uzito. Mistari myeupe ya ubavuni hutofautiana kati ya bongo na bongo. Hesabuni idadi ya mistari, tazameni ule unaogawanyika kama herufi Y, ule uliokatika, na nafasi kati yao. Shida ni kwamba mistari ya ubavu wa kushoto si ile ya kulia, kwa hiyo kamera moja inaweza kuwapa bongo wawili ambao ni mmoja. Fungeni kamera mbili pande mbili za njia, lakini zisitazamane uso kwa uso. Sogezeni moja mita mbili au tatu mbele, la sivyo taa ya moja itaunguza picha ya nyingine. Chui naye hutambuliwa hivyo hivyo kwa madoa yake, na fisi madoa pia.

Mkimpata bongo, picha ipelekwe kwa KWS na kwa wanaosimamia msitu, si kwenye kundi la WhatsApp. Kamera nyingine huandika jina la mahali chini ya picha, na faili lenyewe laweza kubeba vipimo vya GPS vya mahali hapo. Ipeni kamera namba, E1, E2, msiiandike jina la bonde.

NYANI NA WEZI

Kamera mbili zimeibwa, ya tatu ilitafunwa. Kuna namna ya kuzilinda?
Msomaji, Lanet

Kwa mwizi, boksi la chuma lililokomelewa kwa skrubu ndefu mtini, na waya mnene wa kufuli uliopita ndani yake. Kinachosaidia zaidi ni kuificha: mita tatu juu ikitazama chini kwa mshazari, mahali ambapo watu hawainui macho. Utapoteza wanyama wadogo, ila kamera itabaki. Weka nywila, ili aliyeiiba asiweze kuitumia.

Nyani huvutwa na kitu kipya kinachong'aa. Paka boksi tope au kinyesi cha ng'ombe kikavu, na usile ndizi ukiwa unafunga kamera. Fisi hupenda jasho la mkono lililo kwenye mkanda wa nailoni. Badala yake tumia waya wa chuma.

Kamera ikiangalia njia wanayopita majirani, weka kibao kwamba kuna kamera. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda picha za watu, na picha ya jirani akikata kuni si ya kusambazwa.

KADI INAYOSEMA IMEJAA

Kadi yangu ya GB 128 inasema imejaa baada ya picha mia tatu.
Msomaji, Kitale

Kuna mambo mawili. Kamera nyingi za mtego hazisomi kadi inayozidi GB 32. Na kadi nyingi za bei ya kutupwa zina nafasi ndogo kuliko iliyoandikwa juu yake. Ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama H2testw, inayoijaza yote na kuisoma tena. Nunua mbili za GB 32 za daraja la 10, kadi kubwa kamili badala ya ile ndogo ndani ya adapta, maana adapta hulegea. Zifomati ndani ya kamera, si kwenye simu. Na kabla hujaondoka porini hakikisha kile kitufe cha ubavuni mwa kadi hakijasukumwa upande wa kufunga.

KAMERA YA LAINI YA SIMU

Naweza kununua kutoka Marekani kamera inayotuma picha kwenye simu?
Msomaji, Mbita

Unaweza, lakini huenda isishike mtandao. Zile zinazouzwa kule hutengenezewa masafa ya kampuni za kule, na baadhi hufungwa zisikubali laini nyingine. Tafuta toleo la Ulaya, lisilofungwa, lenye 4G ya masafa ya MHz 800 na 1800. Yasipotajwa kwenye maelezo ya bidhaa, usilipe.